Mji Unapopungukiwa na Watu: Habari za Leipzig na Funzo Lake kwa Wanaushirika

Wanaushirika wenzangu,

Katika kitabu cha ukumbusho kama hiki ni desturi kuyahesabu yaliyoongezeka: wanachama, marobota ya pamba, maghala, na akiba iliyoko benki. Wenzangu wameyaeleza hayo katika kurasa zilizotangulia, nao wameyaeleza vema. Mimi niliagizwa na Halmashauri kuandika insha ya historia. Kwa idhini yenu nimechagua kuandika juu ya jambo ambalo vitabu vya sikukuu hupenda kulipita kimya, nalo ni kupungua kwa watu mahali walipokuwa wengi.

Sababu yangu ni hii. Katika miaka hii kumi baadhi ya vyama vyetu vya msingi vimekua, na vingine vimepungua. Vijana wamekwenda mijini na migodini, wazee wamefariki, na buku la wanachama limejaa majina yaliyopigwa mstari. Mwaka uliopita nilitumwa kwenda katika chama kimoja cha namna hiyo, ambacho sitakitaja jina, nikague ghala lake lisilojaa tangu misimu minne. Nilipima kuta, nikahesabu mabati, nikaandika katika daftari langu kwamba lingefaa kuuzwa. Mzee mmoja, mwanachama tangu siku ya kwanza, alikuwa ameketi kivulini akinitazama. Akaniuliza, "Bwana Katibu, umekuja kuhesabu mabati, au umekuja kuhesabu watu?" Nikamjibu, "Mzee wangu, nimetumwa ghala tu." Akasema, "Basi hesabu yako haijaisha," kisha akanyamaza.

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Nilirudi ofisini, na kwa miezi kadhaa nikawa nikisoma, kila nilipopata nafasi, habari za miji ya ulimwengu iliyopata kupungukiwa na watu, nione wenyewe walifanya nini. Mji ulionifundisha zaidi ni Leipzig, katika nchi ya Ujerumani. Mji huo si mgeni kabisa kwetu sisi wakulima wa pamba, kama nitakavyoonyesha.

MJI WA SOKO NA NYUZI

Leipzig ni mji wa kale. Ulisimama mahali zilipokutana njia kuu mbili za wafanyi biashara, na mwaka 1497 Mfalme Maximilian aliupa hati ya kufanya gulio kubwa la dola yake. Chuo Kikuu chake kilifunguliwa mwaka 1409. Katika karne ya 19 vikaja viwanda: vya mitambo, vya kupiga chapa vitabu, na vya nguo. Watu wakamiminika kutoka mashambani, na baina ya mwaka 1870 na 1914 zikajengwa nyumba za ghorofa nne na tano, mtaa baada ya mtaa, zenye mapambo ya mawe milangoni na madirishani. Ilipofika mwaka 1933 mji ulikuwa na watu wapatao 713,000.

Miongoni mwa viwanda hivyo, kimoja kilianzishwa mwaka 1884 upande wa magharibi wa mji, kazi yake kusokota nyuzi za pamba. Kilikua hata kikawa kikubwa kuliko vyote vya namna yake katika bara la Ulaya. Kiwanda kikubwa hutaka pamba nyingi; kwa hiyo kuanzia mwaka 1907 wenye kiwanda walikuwa na mashamba yao wenyewe katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi, upande wa Saadani. Basi pamba iliyochumwa na mikono ya wazee wetu wa pwani ilipanda meli ikaenda kusokotwa Leipzig.

Wakati ule mkulima hakuulizwa neno. Serikali ya Wadachi ilikuwa imeamuru mashamba ya pamba ya pamoja katika sehemu za mashariki na kusini, na wanavijiji wakalimishwa kwa amri. Kulimishwa huko ni mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwezi wa Julai 1905. Nalikumbusha hilo mapema, kwa maana swali la insha hii yote ni lile lile: mambo ya mahali fulani yanapopangwa, je, wenyeji wameulizwa?

WATU WAHAMA

Kupungua kwa Leipzig kulikuja kwa mawimbi mawili. Wimbi la kwanza lilikuwa la polepole. Baada ya Vita Kuu ya Pili mji uliangukia katika Ujerumani ya Mashariki. Serikali ile ilijenga mitaa mipya pembeni, ikaziacha nyumba za zamani bila matengenezo. Mabati na vigae vilivuja, mbao zikaoza, na moshi wa viwanda na makaa ya mawe ya kahawia yaliyochimbwa kusini ya mji ukazitia kuta weusi. Mwaka 1989 watu walikuwa wamebaki 530,000. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo, watu wapatao 70,000 walijitokeza katika njia za mji wakiandamana kwa amani, wakipaza sauti kwamba wao ndio umma. Serikali ile haikudumu, na tarehe 3 Oktoba 1990 Ujerumani mbili zikawa moja.

Wimbi la pili lilikuwa la ghafula. Uhuru ulikuja, na kazi zikaondoka. Viwanda vya Leipzig havikuweza kushindana na vile vya magharibi, vikafungwa kimoja baada ya kingine ndani ya miaka michache, na kile cha kusokota nyuzi kikasimamisha mashine zake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijana wakaenda magharibi kutafuta mshahara. Watoto waliozaliwa wakawa wachache. Wengine walihamia vijiji vya jirani, wakajenga nyumba mpya zenye bustani. Mwaka 1998 mji ulikuwa na watu 437,000 tu; katika miaka tisa ulikuwa umepoteza karibu watu 100,000.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati watu walipokuwa wakiondoka, majengo yalikuwa yakiongezeka. Serikali kuu ilitoa nafuu ya kodi kwa kila mwenye fedha aliyejenga au kutengeneza nyumba mashariki, na matajiri wa mbali wakajenga bila kuuliza nani atakaa. Wakati huo huo nyumba nyingi za zamani zilikuwa na mashauri, kwa maana warithi wa wenyewe wa kale walikuwa wakizidai, wala hakuna aliyethubutu kutia msumari katika nyumba isiyojulikana ni ya nani. Ilipofika mwaka 2000 zilikuwako nyumba tupu kama 60,000, yaani karibu moja katika kila tano. Usiku mitaa mingine ilikuwa na taa mbili tatu tu.

Sisi tunaojua ghala tupu twaweza kufahamu maana yake. Jengo tupu halikai kama lilivyoachwa. Mvua huingia, wezi huja kung'oa mabomba na nyaya, na jirani aliyebaki huona haya ya mahali pake, mwishowe naye huondoka.

BARAZA LAKIRI

Kwa miaka kadhaa wakubwa wa mji walikuwa wakipanga mambo kana kwamba watu watarudi kesho. Mwaka 2000 Baraza la Mji lilipitisha mpango mpya uliokiri waziwazi kwamba nyumba ni nyingi kuliko watu, na kwamba haziwezi kuokolewa zote. Mwaka huo huo tume iliyoongozwa na Hinrich Lehmann-Grube, aliyekuwa Meya wa Leipzig tangu 1990 hata 1998, iliieleza serikali kuu kwamba katika mashariki yote ya Ujerumani zilikuwako nyumba tupu kama milioni moja. Kutokana na hayo, mwaka 2002 ulianza mradi wa taifa wa kubomoa nyumba zilizozidi na kutengeneza zile za kubaki.

Naomba tusimame kidogo juu ya kukiri huko. Ni vigumu kwa kiongozi kusema mbele ya watu, "Tumepungua." Lakini pasipo neno hilo hakuna shauri lo lote linaloweza kuanza, kwa maana huwezi kuwaomba watu wakusaidie katika shida ambayo wewe mwenyewe wasema haipo.

Katika kubomoa wenyeji hawakusikilizwa daima. Mipango mingi ilipatanishwa kwanza baina ya makampuni ya nyumba, mabenki na Baraza, na mpangaji akapata habari mwisho. Mfano mkubwa ni mtaa wa Grünau, uliojengwa kuanzia mwaka 1976 kwa vibamba vya saruji vilivyotengenezwa kiwandani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikaa huko watu kama 85,000, na miaka ishirini baadaye walikuwa karibu nusu tu. Watu wa nje walisema mtaa ule hauna maana tena, bora uvunjwe wote. Lakini tangu mwaka 1979 wataalamu walikuwa wakirudi huko kila baada ya miaka kadhaa na kuwauliza wakazi wenyewe, na majibu yalionyesha kwamba wengi walipapenda mahali pao na walitaka kubaki. Maelfu ya nyumba yalivunjwa, lakini mtaa ukabaki. Vyama vya ushirika vya nyumba, ambavyo wanachama wake ndio wapangaji, vilikuwa na majumba mengi huko, navyo vilibidi kuketi na wanachama wao na kuamua lipi livunjwe na lipi litengenezwe. Mwanaushirika ataona uzito wa mkutano kama huo, ambapo mwanachama hupigia kura jumba alilokaa yeye na jirani yake.

NYUMBA ZA WALINZI

Jambo lililonivutia zaidi halikutoka serikalini. Mwaka 2004 baadhi ya wakazi, miongoni mwao wajuzi wa majengo, waliunda chama kilichoitwa HausHalten, nia yake kuziokoa nyumba za zamani zilizosimama tupu, hasa zile za pembeni mwa barabara kuu ambazo hakuna mpangaji aliyezitaka kwa sababu ya makelele ya magari. Kanuni yao ilikuwa fupi: nyumba hulindwa kwa kutumiwa.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Mwenye nyumba hubaki na mali yake, lakini hukipa chama ruhusa ya kuitumia kwa muda, kwa kawaida miaka mitano. Chama huwatafuta watu wanaohitaji nafasi na wasio na fedha nyingi, kama mafundi, wachoraji, wanafunzi, na vikundi vya mtaa. Hao hawalipi kodi ya pango. Hulipa gharama za kila siku tu, kama maji, umeme, bima na ushuru wa nyumba, pamoja na mchango wao wa chama. Badala ya kodi hutoa mikono yao. Huziba paa, hutengeneza mabomba yasipasuke wakati wa baridi, hupaka rangi, na zaidi ya yote huwamo ndani, hata mwizi akaona taa inawaka. Watu hao waliitwa walinzi, na nyumba zao zikaitwa nyumba za walinzi. Nyumba hizo hazikuwa nyingi zikilinganishwa na zile 60,000, lakini zilionekana na kila mpita njia, na miji mingine kama Halle na Chemnitz ikaiga mfano.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walinzi wa Leipzig waliziba nyufa za kuta zisizo zao, na kwa kufanya hivyo mwenye nyumba aliondokewa na hasara, Baraza likapata mtaa wenye uhai, na mlinzi akapata mahali pa kufanyia kazi.

Viwanja navyo vilipata utaratibu wake. Palipobomolewa nyumba, Baraza lilifanya mapatano na mwenye kiwanja: auachie umma kwa miaka kadhaa, naye asamehewe kodi ya ardhi, huku haki yake ya kujenga ikibaki salama. Hivyo penye vifusi pakawa na miti, viti na viwanja vya watoto. Katika mtaa wa Lindenau, si mbali na kile kiwanda cha nyuzi, wakazi walianza mwaka 2004 kusafisha viwanja vilivyoachwa wakafanya bustani za ujirani. Tena, kuanzia mwaka 2001, Baraza lilisaidia jamaa zilizotaka kuungana na kununua pamoja jumba moja bovu, kila jamaa ikitengeneza ghorofa yake.

Mwanaushirika asistaajabu kuona mawazo haya yakiota huko. Kama kilometa 20 kaskazini ya Leipzig upo mji mdogo wa Delitzsch, ambako mwaka 1849 hakimu Hermann Schulze aliwakusanya mafundi wa viatu wanunue ngozi kwa pamoja, miaka mitano tu baada ya wafumaji wa Rochdale kufungua duka lao. Fundi mmoja mmoja alikuwa mnyonge mbele ya muuza ngozi. Walipoungana wakapata bei. Vile vile mkazi mmoja mnyonge mbele ya jumba la ghorofa nne lililo tupu, akiwa na wenzake kumi aliweza kulisimamisha.

ILA YA MKATABA

Ningeweza kuishia hapo, na insha ikawa tamu. Lakini historia haikuishia hapo.

Watu walianza kurudi Leipzig. Viwanda vipya vya magari vilifunguliwa, cha Porsche mwaka 2002 na cha BMW mwaka 2005; Chuo Kikuu kilivuta vijana, nao walivutwa pia na unafuu wa nyumba na uzuri wa mitaa ile iliyokuwa imehifadhiwa. Kiwanda cha zamani cha nyuzi kikawa mahali pa wachoraji wanaojulikana ulimwenguni. Mwaka 2019, kwa hesabu ya daftari la mji, wakazi walipita 600,000, ingawa sehemu ya ongezeko hilo yatokana na vijiji vya jirani vilivyounganishwa na mji karibu na mwaka 2000. Singesema kwamba walinzi ndio waliowarudisha watu. Kazi na mishahara iliwarudisha. Bali walinzi ndio waliofanya pawe na nyumba za kurudia.

Na hapo ndipo ila ilipoonekana. Mkataba wa mlinzi ulikuwa wa muda. Miaka mitano ilipokwisha, nyumba iliyokuwa mzigo ilikuwa sasa mali. Wengine walipata mkataba wa kawaida wa upangaji wakabaki. Wengine walitakiwa waondoke, na nyumba ikauzwa kwa bei ambayo jasho lao lilisaidia kuipandisha. Bustani za Lindenau nazo zilipoteza sehemu ya viwanja vyao kwa wajenzi. Kodi za pango zikapanda katika mitaa ile ile iliyokuwa haina mtu. Hakuna aliyevunja sheria; kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Tatizo ni kwamba waliokuwa wameitwa wakati wa shida hawakuandikwa katika wakati wa neema.

Chama chenyewe kilijifunza. Baadaye kilianzisha utaratibu mwingine, ambao mtu hutengeneza chumba chake kwa mikono yake na kupewa mkataba usio na mwisho, kwa kodi ndogo. Huko ni kukubali kwamba kushirikishwa katika kazi bila kushirikishwa katika haki ni nusu ya ushirika.

FUNZO KWETU

Sasa narudi kwenye ghala letu, na kwa yule mzee aliyekaa kivulini.

Najua kwamba katika Mkutano Mkuu ujao shauri la maghala yaliyo matupu litaletwa mbele yenu, na najua kwamba jina langu liko chini ya ile taarifa inayoshauri kuuza. Sikuiandika kwa nia mbaya. Niliiandika kwa hesabu ya mabati. Naomba kuiongezea hesabu iliyokosekana, nayo ina sehemu tatu.

Kwanza, tukiri. Chama kilichopungua kitajwe kuwa kimepungua, mbele ya wanachama wake wenyewe, kwa lugha yao, na buku lao likiwa mezani. Wasisikie habari za ghala lao kutoka kwa mnunuzi.

Pili, tuulize kabla ya kupanga. Huenda waliobaki hawana pamba ya kujaza ghala, lakini wana mahindi ya kuhifadhi, au akina mama wana kikundi kinachotafuta mahali pa kukutania, au fundi seremala kijana anatafuta paa la kufanyia kazi. Ghala lenye mtu ndani halitaibiwa mabati. Kama baada ya kuulizwa watasema liuzwe, na liuzwe. Itakuwa ni sauti yao.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wale watakaolinda waandikiwe haki yao mapema. Ikiwa watalitunza jengo kwa mikono yao katika miaka ya ukavu, basi mkataba useme kwamba mvua ikirudi wao ndio wa kwanza kuulizwa, wa kwanza kupangishwa, na wa kwanza kununua. Tusingoje jengo lipate thamani ndipo tukumbuke kwamba halikuandikwa jina la mtu.

Wanaushirika wenzangu, miaka kumi iliyopita wazee wetu walitoa kila mmoja hisa yake, wakabeba matofali kichwani, wakajenga. Wengi wao wamekwisha kufa. Walioko hai ni wachache, nao wameketi kivulini wakitutazama jinsi tunavyohesabu. Mimi nimeazimu kurudi kwa yule mzee kabla ya Mkutano Mkuu, na safari hii nitachukua buku la wanachama badala ya kipimo cha kuta.

Nawatakieni nyote sikukuu njema ya mwaka wa kumi.

Wenu katika ushirika,
Katibu